Uteuzi wa Washiriki wa Majaribio ya Utumikaji wa Tovuti za Huduma za Umma: Mfano wa Mji wa Juba, Sudan Kusini

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuwateua washiriki wanaofaa kwa majaribio ya utumikaji wa tovuti za huduma za umma, kwa kuutazama mji wa Juba. Hoja kuu ni kwamba idadi ya washiriki, ambayo ndiyo inayojadiliwa zaidi katika maandishi ya taaluma hii, ni swali la pili. La kwanza ni nani anayehesabiwa kuwa mtumiaji. Mjini Juba, lugha ambayo mtu alisomea shuleni, kifaa alicho nacho na kuwapo kwa mtu wa kati anayemjazia fomu huwatenganisha watumiaji kwa namna ambayo umri na kiwango cha elimu peke yake haviwezi kuionesha. Makala yanaonesha jinsi tofauti hizo zinavyoweza kuingizwa katika hojaji ya mchujo bila kuuliza kabila, na jinsi posho, saa na mahali pa jaribio vinavyoamua nani atakuja na nani atabaki nyumbani.

1.0 Utangulizi

Kiwango cha kimataifa ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2018, kinaufafanua utumikaji kuwa ni kadiri ambayo mfumo, bidhaa au huduma inaweza kutumiwa na watumiaji mahususi ili kufikia malengo mahususi kwa ufanisi, kwa tija na kwa kuridhika, katika muktadha mahususi wa matumizi. Neno “mahususi” limerudiwa mara tatu, na si kwa bahati. Haiwezekani kusema kwamba tovuti fulani ni rahisi kutumia, tukakomea hapo. Ni lazima kusema ni rahisi kwa nani, anayetaka kufanya nini, akiwa wapi.

Jaribio lenyewe si jambo gumu kulieleza. Mtu hukaa mbele ya tovuti, hupewa kazi ya kufanya, kwa mfano kujaza ombi la hati, na mtafiti humtazama bila kumsaidia, akiandika mahali anapokwama, anapokosea na anapokata tamaa. Ushahidi unaotafutwa ni tendo, si maoni. Ndiyo maana uteuzi wa washiriki una uzito mkubwa kuliko unavyopewa katika mipango mingi. Mtu asiyefaa akikaa mbele ya tovuti, yote atakayoyafanya yatakuwa kweli, lakini itakuwa kweli inayomhusu mtu mwingine.

Kwa taasisi za umma, kosa hili lina gharama ya pekee. Karani aliye dirishani humwona mwananchi akishindwa kuelewa swali, na mjini Juba mara nyingi hubadilisha lugha papo hapo, akatoka katika Kiingereza na kuingia katika Kiarabu cha Juba, bila kuagizwa na mtu yeyote. Tovuti haina macho hayo. Inapochukua nafasi ya dirisha, aliyeshindwa hutoweka bila kuacha alama, na takwimu za mfumo humhesabu kuwa mgeni aliyepita tu.

2.0 Kanuni ya watu watano na mipaka yake

Mshauri yeyote wa teknolojia atakayeulizwa ni washiriki wangapi wanaohitajika huenda akajibu: watano. Jibu hilo lina asili yake. Virzi (1992) alionesha kwamba washiriki wanne au watano hufichua takriban asilimia 80 ya matatizo ya mfumo. Nielsen na Landauer (1993) wakaunda mlinganyo uliojengwa juu ya wastani wa uwezekano wa asilimia 31 kwamba mshiriki mmoja atakutana na tatizo fulani. Kwa kiwango hicho, watu watano hufichua kama asilimia 85 ya matatizo.

Kinachosahaulika ni kwamba asilimia 31 ni wastani uliotokana na mifumo iliyochunguzwa na watu waliochunguzwa. Kama tatizo linampata mtu mmoja kati ya kumi, uwezekano wa washiriki watano kulifichua ni asilimia 41 tu, na ili kuufikisha kwenye asilimia 85 huhitajika washiriki 18. Spool na Schroeder (2001), walipozijaribu tovuti nne kwa watumiaji 49, waliona kwamba watano wa kwanza walifichua asilimia 35 tu ya matatizo. Faulkner (2003) aliteua vikundi vya watu watano watano kwa nasibu kutoka katika watumiaji 60: kikundi kimoja kilifichua asilimia 99 ya matatizo, kingine asilimia 55. Alipoteua vikundi vya watu kumi, kikundi dhaifu kuliko vyote kilifikia asilimia 80.

Mjadala huu ni wa manufaa, ila unachukulia kwamba washiriki wote wanachotwa katika kisima kimoja. Tuseme tovuti ina neno la Kiingereza linalowakwamisha wale tu waliosoma kwa Kiarabu. Kwa waliosoma kwa Kiingereza, uwezekano wa kukutana na tatizo hilo ni sifuri. Waite watano, ishirini au mia moja miongoni mwao, tatizo halitaonekana, na ripoti itasema kwa haki kabisa kwamba tovuti imepita jaribio.

3.0 Mtumiaji wa Juba ni nani?

Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 iliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Sudan Kusini na kuzitambua lugha zote za asili kuwa lugha za taifa. Kabla ya hapo, chini ya Katiba ya Muda ya mwaka 2005, Kiarabu na Kiingereza zote mbili zilikuwa lugha rasmi za Sudan nzima. Badiliko la katiba hutimia kwa siku moja; badiliko la wasomaji huchukua miongo. Mjini Juba wanaishi leo, mara nyingi katika nyumba moja, watu waliosoma kwa mfumo wa Kiarabu huko Khartoum au hapo Juba penyewe, na wadogo zao waliosoma kwa Kiingereza nchini Uganda au Kenya. Tangu vita vilipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, wengi wamerejea kupitia Renk wakiwa na elimu ya sekondari na hata ya chuo kikuu, yote kwa Kiarabu. Mtu wa namna hiyo, akiulizwa kiwango chake cha elimu katika hojaji, atajibu kwa ukweli kwamba ana shahada. Mbele ya fomu ya Kiingereza anaweza kukwama katika mstari wa tatu. Kwa hiyo kigezo cha “elimu”, ambacho hojaji nyingi hukiweka mwanzoni, hapa huficha kuliko kinavyoonesha.

Kiarabu cha Juba nacho kina mambo yake. Ndiyo lugha ya soko na ya mtaa, na ni ndugu wa Kinubi kinachozungumzwa Kibera nchini Kenya na Bombo nchini Uganda. Hata hivyo, ni lugha ya mdomo zaidi kuliko ya maandishi, na wanaoiandika katika ujumbe wa simu hutumia mara nyingi herufi za Kilatini. Mzungumzaji hodari wa Kiarabu cha Juba si lazima asome hati ya Kiarabu. Na anayesoma hati ya Kiarabu si lazima aridhike na tafsiri ya Kiarabu sanifu iliyofanywa nje ya nchi. Haya ni makundi mawili, na mpango wa jaribio unaoandika “wazungumzaji wa Kiarabu: watatu” haujasema lolote.

Kiswahili kinastahili aya yake, si kwa sababu ya jukwaa hili pekee. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kifungu cha 137 cha Mkataba wa Jumuiya kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana itakayoendelezwa. Tovuti zenye toleo la Kiswahili zinatarajiwa kuongezeka. Wasomaji wake mjini Juba wapo: waliokulia Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992, na kufanya mitihani ya Kiswahili katika shule za Kenya, wafanyabiashara na madereva wa njia ya Nimule, Wakenya na Waganda wenye maduka. Kiswahili cha aliyeketi mtihani wa kidato cha nne na Kiswahili cha mwenye duka Konyokonyo havikutani katika maneno kama “wasilisha”, “pakua” na “nywila”. Niseme pia kwamba sisi wataalamu wa Kiswahili ni washiriki wabaya kabisa wa kujaribu tovuti ya Kiswahili. Tunaifahamu istilahi kwa sababu sisi, au wenzetu, ndio tulioiunda.

Kuhusu kusoma kwenyewe, Utafiti wa Msingi wa Kaya wa mwaka 2009 ulikuta kwamba asilimia 27 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi ndio waliojua kusoma na kuandika: wanaume asilimia 40, wanawake asilimia 16. Takwimu hizo ni za zamani na za nchi nzima, si za Juba. Zinatosha lakini kuonesha kwamba huduma ya umma inayotegemea maandishi peke yake huwaacha nje wanawake wengi kabla swali la utumikaji halijaulizwa.

Kifaa ni mgawanyiko wa pili. Tovuti husanifiwa kwenye kompyuta yenye kioo kipana na intaneti ya ofisi. Mjini Juba hufunguliwa kwenye simu janja ya bei nafuu, kioo kimepasuka, bando linakaribia kuisha, na chaji imenunuliwa kibandani. Mshiriki anapaswa kutumia simu yake mwenyewe. Akipewa simu mpya ya mtafiti, atatumia nusu ya muda kujifunza simu, na matatizo ya kweli, kama picha ya hati inayokataa kupakiwa kwa sababu ni nzito mno, hayatajitokeza.

Mgawanyiko wa tatu ndio unaosahaulika kuliko yote: mtu wa kati. Nchini Kenya, jukwaa la eCitizen lilipoanza mwaka 2014, wananchi wengi walilifikia kupitia mhudumu wa saiba, na bado ndivyo wengi wanavyofanya. Nchini Rwanda, jukwaa la Irembo lilimpa mtu huyo nafasi rasmi kwa jina la wakala. Pale huduma za Juba zinapoingia mtandaoni, mwenye kibanda cha fotokopi na picha za pasipoti hawezi kukosa kuwa mlango wake. Mtu huyo ni mtumiaji, tena mwenye matumizi mengi kuliko wote, lakini mahitaji yake ni mengine. Yeye hujaza fomu ileile mara nyingi kwa siku na ameshajua mitego yake yote. Jaribio lenye mawakala pekee litaonesha tovuti nyepesi. Lisilo na wakala hata mmoja litaeleza matumizi ambayo hayapo. Njia bora ni kuwajaribu wakiwa wawili, wakala na mteja wake, na kutazama nani anashika simu, nani anaandika neno la siri, na msimbo wa uthibitisho unafika kwenye simu ya nani. Hapo hufichuka mambo ya usalama ambayo hayawezi kuonekana mshiriki anapokaa peke yake.

4.0 Hojaji ya mchujo

Mchujo ni mazungumzo mafupi yanayoamua nani ataalikwa. Katika nchi nyingi huuliza umri, jinsia, kazi na asili. Mjini Juba, baada ya Desemba 2013 na Julai 2016, swali la kabila likiulizwa na mgeni mwenye kalamu si swali la utafiti masikioni mwa anayeulizwa. Halihitajiki pia. Tovuti haimkwamishi mtu kwa kabila lake; humkwamisha kwa lugha, kwa kifaa na kwa uzoefu, na hayo yanaweza kuulizwa moja kwa moja: ulisoma shule kwa lugha gani, mpaka darasa gani; ujumbe wa mwisho uliouandika kwa simu ulikuwa kwa lugha gani; simu yako ni hii, au unaazima; mara ya mwisho ulipohitaji fomu, nani aliijaza.

Maswali hayo yote yanahusu matendo. Swali “unaijua Kiingereza kwa kiwango gani?” hupima kujiamini, na wanaume kwa kawaida hujipa alama za juu. Vilevile swali lisifichue jibu linalotakiwa. Ukiuliza, “Umewahi kuomba hati mtandaoni?”, na posho inajulikana, jibu litakuwa ndiyo. Uliza badala yake, “Mwezi uliopita simu yako uliitumia kwa mambo gani?”, kisha nyamaza. Kwa kusoma, usiulize kabisa: mpe mtu mstari mmoja wa fomu, mwombe akueleze unataka nini.

Wanaopaswa kuachwa ni wafanyakazi wa taasisi inayomiliki tovuti, jamaa zao, wanaotengeneza tovuti, na waliokwisha kushiriki jaribio la tovuti hiyohiyo. Orodha hii ni fupi na haina ubishi, isipokuwa katika utekelezaji. Mkurugenzi akileta mpwa wake, mtafiti mdogo hana nguvu ya kumrudisha. Kanuni hiyo na iandikwe katika mkataba kabla ya kazi kuanza.

5.0 Kuwapata, kuwalipa na kuwaketisha

Tangazo katika mitandao ya kijamii huwaleta waliokwisha kuunganishwa, wanaosoma Kiingereza, walio na muda. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Juba na watumishi wa mashirika ya misaada hupatikana kwa saa moja, na urahisi huo ndio hatari yake. Mahali pazuri kuliko pote ni foleni ya ofisi inayotoa huduma inayohusika, kwa sababu waliopo wana haja ya kweli leo hii. Lakini aliye katika foleni asifikishwe mahali pa kudhani kwamba akikubali atahudumiwa haraka, au akikataa faili lake litapotea. Azungumzwe naye baada ya kuhudumiwa, nje ya lango. Wengine watafutwe sokoni, Konyokonyo, Custom na Jebel, na mitaani, Gudele, Munuki na Gurei, kupitia makanisa, misikiti na vikundi vya akina mama. Anayekuja kwa kuletwa na mwenzake ni mshiriki halali, mradi mmoja asilete zaidi ya mmoja. Vinginevyo kikundi kizima kitakuwa cha ukoo au kanisa moja.

Posho ni suala la mbinu, si la uhasibu tu. Juba ni mji uliozoea semina na posho za vikao. Kiasi kikubwa huita madalali. Kiasi kidogo humleta asiye na kazi na kumwacha muuza chai ambaye saa mbili za kuketi nawe ni mapato ya siku. Kipimo cha busara ni nauli ya kwenda na kurudi pamoja na mapato ya muda uliopotea. Ilipwe kabla ya jaribio kuanza, mkononi, ili mshiriki asidhani kwamba akikosea atakatwa. Na aliyefika akaonekana hafai arudishiwe nauli yake.

Saa huchagua washiriki hata pale mtafiti asipokusudia. Wengi hupenda kuwa nyumbani kabla ya giza. Wakati wa mvua njia za pembezoni hugeuka tope, na wa mbali hawaji. Ofisi yenye mlinzi mwenye bunduki na daftari la vitambulisho langoni humchuja asiye na kitambulisho, ambaye huenda ndiye anayeihitaji zaidi tovuti ya kuombea kitambulisho. Ukumbi wa kanisa ni bora, na kibanda cha mshiriki mwenyewe ni bora zaidi, pamoja na jua kwenye kioo, kelele na mtandao unaokatika.

Ridhaa itolewe kwa mdomo mbele ya shahidi ambaye mshiriki amemchagua. Karatasi ya kutia saini huogopesha. Majina yasiandikwe. Kuhusu taarifa za kujazia fomu, pana mvutano ambao mtafiti hawezi kuukwepa. Faragha inadai tumpe mshiriki kadi ya mtu wa kubuni. Lakini kadi hiyo huondoa matatizo mawili makubwa: fomu inayodai jina la ukoo kwa watu wanaoitwa kwa jina lao, la baba na la babu, na fomu inayodai tarehe ya kuzaliwa kwa watu wengi ambao hati zao huandikwa 1 Januari kwa kuwa siku yenyewe haikuandikwa. Ninapendekeza mshiriki ajaze taarifa zake mwenyewe katika toleo la majaribio lisilohifadhi chochote, na afute mwenyewe kabla ya kuondoka.

6.0 Mpango wa uteuzi na taarifa yake

Tuchukue mfano wa kubuni: tovuti ya kuombea hati, katika toleo la Kiingereza na la Kiarabu. Ningeanza na makundi matano: waliosoma kwa Kiingereza, waliosoma kwa Kiarabu, wasomao kwa shida ambao wanatumia simu janja, mawakala pamoja na wateja wao, na wanawake wa sokoni, ambao watapatikana katika makundi mengine pia lakini wakiachwa bila nafasi yao hawatafika. Nielsen (2000) alishauri watu watatu kwa kila kundi pale makundi yanapokuwa matatu au zaidi. Hiyo ni kama washiriki 15 kwa mzunguko, na mizunguko miwili yenye masahihisho katikati ina faida kubwa kuliko mmoja wa watu 30. Fedha zikipungua, lipunguzwe kundi la kwanza, kwa kuwa matatizo yake mengi wasanifu wameshakutana nayo wao wenyewe.

Wasiojua kusoma kabisa hawawekwi katika mizunguko hiyo kama watumiaji wa peke yao. Kumketisha mtu mbele ya maandishi asiyoyajua ni kumdhalilisha, na matokeo yanajulikana tangu mwanzo. Nafasi yao ni katika jaribio la wakala na mteja, ambako swali ni kama wanaweza kujua kilichoandikwa kwa jina lao.

Kwa washauri wa sera, mahali pa kuingilia ni hadidu za rejea za zabuni. Sentensi ya kawaida, “mfumo utajaribiwa na watumiaji”, humpa mkandarasi uhuru wa kuwaita vijana watano wa ofisi ya jirani. Sentensi inayofaa hutaja makundi, lugha ya shule, kifaa na idadi kwa kila kundi, na hudai kwamba ripoti ioneshe jedwali la waliofikiwa pamoja na la waliokusudiwa lakini hawakupatikana, na sababu yake: mvua, lango, posho, au hofu. Katika ripoti nyingi jedwali hilo la pili halipo. Anayeidhinisha malipo ya mwisho aliombe kabla ya kutia saini.